Pini Haikukatika

Ilembo, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana

Skola mwanangu,

Inachekesha kumwandikia barua mtu ambaye sauti yake inaingia dirishani. Uko uani, hatua ishirini kutoka kwenye meza hii, wewe na mume wako Anatoli, mnapakia vitu kwenye kile kijumba cheupe cha magurudumu mlichokileta juzi. Ningeweza kufungua dirisha nikakuita. Nimeshalifungua mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kuuliza kama kuna chai. Sasa nina vikombe viwili mezani, vyote vimepoa, na bado sijasema ninachotaka kusema.

Barua hii mama yako atakupa jioni ya leo, kabla jua halijazama. Kesho saa moja asubuhi mnaondoka kwenda Inyonga kununua asali msimu mzima, na kabla ya hapo lazima mmjibu yule mwenye duka anayekiuza kama kijumba chake mnakichukua au mnakirudisha. Usitafute humu habari za chandarua, maji ya kuchemsha wala viboko wa mtoni. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, hata kuku wa humu ndani wameyashika.

Mimi nina moja tu. Usikivute hicho kijumba kesho. Na kama nataka uniamini kwenye hilo, inabidi kwanza nikiri kwamba niliwahi kukudanganya.

Najua mlivyohangaika kuchagua. Kombi yenu inajaa madumu, huko porini hakuna nyumba ya wageni, na mrina asali anaweza kukwambia subiri siku tatu ukasubiri saba. Kwa hiyo mlihitaji tela dogo la kulalia, la kuvuta nyuma ya kombi. Mpanda nzima Anatoli akapata mawili. La kwanza ndilo hili jeupe, aliloliacha mzungu mmoja kwa huyo mwenye duka alipokuwa anarudi kwao. Lina mlango wenye kufuli, kitanda chenye godoro, pazia la maua, na kule nyuma kabisa kuna jiko la gesi, sinki na tangi la maji. Nilipochungulia ndani hata mimi nilitamani kurudi ujana. La pili liko nyuma ya soko, kwenye karakana ya Fundi Shabani. Ni sanduku la chuma lenye rangi ya kijivu, juu lina hema la turubai, ndani kuna kitanda cha mbao. Halina pazia wala sinki. Ni baya, tusidanganyane. Lakini magurudumu yake ni sawasawa na ya kombi yenu, tairi moja la akiba linatosha kote, na shingo yake, kile chuma kirefu cha kufungia kwenye gari, ni ndefu na imetulia.

Anatoli alilitaka hilo la kijivu. Wewe ukasema, tena mbele yangu, "Mimi silali juu ya chuma cha yule mzee. Chuma chake ndicho kilimvunja mama nyonga." Anatoli akanyamaza, maana mkwe anajua mahali pake. Na mimi nikanyamaza, ambaye sikuwa na sababu ya kunyamaza.

Halafu jana. Mlikuwa mmeshapakia magunia ya chumvi na katoni za sabuni za kubadilishana na asali, tena mmezipanga nyuma karibu na jiko, na tangi mmelijaza maji kujaribu kama linavuja. Ukaishika shingo ya kijumba kwa mkono mmoja ukainyanyua, huku unacheka. "Baba, ona! Jepesi kabisa, hata mimi naweza!"

Skola, nilishika ukuta. Nikasema, "Hamisheni hiyo mizigo mizito, iwekeni mbele." Ukanijibu bila ubaya wowote, "Baba jamani, si wewe ndiye unasemaga mzigo unakaa nyuma? Halafu siku ile shida haikuwa mzigo. Ilikuwa pini."

Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umesimama katikati yangu na wewe, umevaa sauti yako. Nikaingia ndani.

Basi sikiliza, nikueleze kuanzia mwanzo.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Nimekulia Litapunga, na tangu nikiwa na miaka kumi na tano nilikuwa napeleka mahindi Mpanda mjini kwa baiskeli, magunia mawili, wakati mwingine na kuku juu yake. Mtu wa baiskeli anajua mambo mawili. Mzigo mzito unakaa nyuma, kwenye keria. Na kitu chochote kinachotaka kudondoka unakifunga kwa mpira wa tyubu. Nimefunga kwa mpira wa tyubu magunia, mbuzi, milango, na kitanda ambacho mama yako alilalia siku ya kwanza alipokuja kwangu. Sikuwahi kudondosha kitu. Watu walikuwa wananiita Profesa wa Tyubu, na mimi nilikuwa naitika.

Nilipopata ile pikapu, nikamwomba Shabani anitengenezee tela. Wakati huo hakuna fundi wa kuchomelea aliyekuwa anamfikia hapa mjini. Siku niliyokwenda kulichukua alinisimamisha kwenye jua karibu saa nzima. Akanionyesha pini, chuma kinene kama dole gumba, akasema, "Hii inaingia kwa juu. Chini yake unapitisha hiki kiwaya, kinaifunga. Bila kiwaya pini itaruka, hata iwe nene vipi." Kisha akashika shingo ya tela. "Na kila ukishapakia, kabla hujafunga, inyanyue hii. Ikikulazimisha kutumia mikono miwili, nenda. Ikinyanyuka kwa mkono mmoja, ujue mzigo umeukalisha mkiani, na mkia ndio utakaoliendesha gari."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Fundi, mimi nimebeba mizigo kabla wewe hujajua kuchomelea." Wateja wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

Kiwaya kilipotea kabla mwezi haujaisha. Nikaifunga pini kwa mpira wa tyubu, nikaona nimefanya kazi nzuri kuliko ya fundi.

Siku ile tulitoka Kasekese na mahindi. Ulikuwa na miaka saba. Ulikaa mbele na mimi, umepakata jogoo mwekundu, nadhani jogoo ndiye unayemkumbuka zaidi. Mama yako alipanda juu ya magunia kwenye tela, maana nilimwambia ayashikilie yasicheze. Nilikuwa nimeyapanga nyuma yote, kama keria. Niliponyanyua shingo ilikuja kwa mkono mmoja, na mimi, mwanangu, nilifurahi. Nilisema kwa sauti, "Leo tela jepesi."

Kwenye mteremko likaanza kucheza. Kwanza kidogo, nikadhani ni upepo. Halafu nikaona kwenye kioo mama yako anakwenda kushoto, anakwenda kulia, ameshika kamba, mdomo uko wazi na simsikii. Nikafanya kosa la mwisho, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Tela likatupita pembeni. Likalala, likachomoka kwenye gari, likabingirika na yeye.

Hapa ndipo nimeshindwa kufika kwa miaka kumi na sita. Nilishuka nikakimbia. Kati ya gari na mahali alipolala mama yako, katikati ya barabara, palikuwa na pini. Nzima. Imenyooka. Kando yake kuna kipande cha mpira kimechanika. Na mimi, kabla sijafika kwa mke wangu aliyekuwa analia majanini, niliinama nikaiokota nikaitia mfukoni.

Sikupanga. Mkono ulifanya wenyewe. Lakini ni mkono wangu.

Watu walipofika wakauliza, "Kulikoni?" Nikasema, "Pini imekatika. Pini ya Shabani." Maneno matano tu. Yalifika Mpanda kabla ya mama yako kufika hospitalini.

Baada ya wiki mbili Shabani alikuja hapa nyumbani. Alisimama pale mlangoni, kofia yake ameikunja mkononi. Akasema, "Naomba nione vipande vya ile pini. Nataka kujua nilikosea wapi." Nikamwambia vimepotea majanini, na kwamba asikanyage tena kwangu. Wewe ulikuwa umesimama hapo mlangoni. Kama mtoto aliyelelewa vizuri, ulifungua mdomo kumwambia shikamoo. Nikakukamata bega nikasema, "Usimwamkie huyo." Alikuwa bado hajageuka. Alisikia.

Na wewe ukatii. Miaka yote hii ukipita sokoni unageuza shingo ukifika kwenye karakana yake. Nimekuona ukiwa na sare ya shule, nimekuona ukiwa bibi harusi. Mtu aliyenizidi umri hata mimi, mwanangu mwenyewe anampita kama nguzo ya umeme, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha. Wateja walimkimbia. Mtu aliyekuwa anaunda matela akawa anaziba sufuria na kunyoosha majembe. Tela hili la kijivu ni la kwanza yeye kuunda tangu siku zile, na wewe ndiye mtu wa kwanza kulikataa.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema baadaye, mambo yalipotulia. Nimejiuliza pia. Mwaka wa kwanza nilimwogopa mama yako. Mwaka wa pili niliogopa watu. Baada ya hapo nilikuwa naogopa ile miaka yenyewe, jinsi ilivyokuwa mingi. Sikuwa na shida ya kukosa nafasi. Nilikuwa na nafasi kila siku ya Mungu, kila nikimwona mama yako anashika ukuta ili asimame.

Pini niliificha chini ya kopo la misumari, mahali ambapo nilidhani hakuna mwanamke atakayetia mkono. Jana, kwenye chakula cha jioni, wewe na Anatoli mlikuwa mmekwenda kuwaaga majirani. Mama yako akaniwekea sahani mbele yangu. Kulikuwa na ugali, kulikuwa na maharage, na kando ya ugali kulikuwa na pini.

Nikamuuliza, "Umeipata lini?"

"Mwaka uleule."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akakaa, taratibu kama anavyokaa. "Nimengoja sana, Baba Skola. Lakini leo nimemwona mtoto anainyanyua ile shingo kwa mkono mmoja, na wewe umeingia ndani umenyamaza. Sasa sitangoja tena. Umwambie wewe, au nimwambie mimi."

Nilikula ule ugali. Sijui niliumezaje.

Kwa hiyo ndiyo hiyo, Skola. Chuma cha yule mzee hakikumvunja mama yako. Nilimvunja mimi. Nakuomba usinionee huruma haraka. Kasirika kwanza, una haki, na mama yako ana haki kubwa zaidi ambayo hajaitumia. Mimi sijui namna ya kukushauri juu ya maisha, mwenyewe unaona nilivyoyaendesha. Ninachojua ni kwamba siku nikiwa na uhakika mno, siku watu wakinichekea vizuri na kuniita profesa, hiyo ndiyo siku ambayo sikuangalia chini ya gari. Na ninajua kwamba uongo ule ulinisaidia siku moja tu. Siku zilizobaki zote mimi ndiye niliyekuwa naulisha.

Nasikia mnafunga mlango wa kijumba. Anatoli anasema, "Bado nyuma kuna nafasi." Mungu wangu.

Ngoja. Naweka kalamu chini. Nimeona aibu kukuachia wewe umpelekee Shabani ukweli wangu. Mimi mwenyewe nakwenda kwake sasa hivi, na pini mfukoni, mfuko uleule wa kulia.

*

Nimerudi. Jua bado liko juu, lakini naona nimezeeka.

Nilimkuta anapiga tupa jembe la mtu. Nikabisha hodi. Akasema, "Pita," bila kuinua macho. Nikaiweka pini juu ya fuawe lake, mbele ya mikono yake. Akaacha tupa. Akaichukua, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuza akatafuta kitu. Kule kichwani kuna alama mbili ndogo za patasi, anazitia kwenye kila kazi yake. Sikuwahi kuziona.

Akasema, "Haijakatika."

Nikasema, "Haijakatika."

"Kiwaya je?"

"Kilipotea. Nilifunga mpira wa tyubu."

"Mpira wa tyubu," akasema. Akarudia tena polepole, "Mpira wa tyubu."

Kisha akaniambia jambo ambalo nitakwenda nalo kaburini. Baada ya mimi kumfukuza hapa kwetu, alirudi karakana akatengeneza pini tisa, za chuma kilekile, kipimo kilekile. Akazipiga nyundo moja moja ili azivunje, ajue ile ya kwangu ilikatikia wapi. Hakuna iliyokatika. Akasema, "Nikaona basi, labda ile moja tu. Labda siku ile mkono wangu haukuwa mzuri. Mama yangu kila akinitazama alikuwa ananiuliza, mwanangu, siku ile uliwaza nini? Amefariki hana jibu. Mimi pia sikuwa nalo."

Nikamwambia, "Nisamehe, kaka."

Hakunipa kiti, Skola. Alikuwa na viti viwili na benchi, na hakuna alichonisogezea. Akasema, "Leo sina neno la kukupa. Ulisema mbele za watu, utakuja kusema mbele za watu. Kesho asubuhi soko linajaa. Njoo usimame hapa mlangoni kwangu, useme."

Nikakubali. Mimi ambaye hata kanisani siwezi kusoma somo mbele ya waumini.

Nilipokuwa nageuka akauliza, "Binti anaondoka saa ngapi?" Nikamwambia saa moja. Akasema, "Kile cheupe nilikiona juzi kinapita hapa. Mkia ulikuwa unacheza kikiwa kitupu. Wakirudi na asali itakuwaje?" Kisha akaenda kwenye tela la kijivu, akaitia ile pini kwenye shingo yake. Ikaingia bila kusukumwa. Akapitisha kiwaya kipya, akakipinda. "Mwambie aje apime mwenyewe. Asilichukue kwa kunionea huruma mimi. Apime yote mawili, achukue linalomfaa."

Kwa hiyo sikuchagulii. Nilikuambia mwanzo wa barua usikivute kijumba cheupe, na bado moyo wangu uko hapo, lakini Shabani amesema sawa kuliko mimi. Kesho njooni nacho kwa mwendo wa kutembea mpaka karakana, kisha shuka upime. Nyanyua shingo ya kila moja, mzigo ukiwa ndani. Wewe una akili na una mikono miwili. Safari hii unajua ukweli, na huo ndio mzigo pekee niliotakiwa kukupakilia tangu zamani.

Mimi nitakuwa nimetangulia. Ukishuka kwenye kombi utaniona kabla ya mtu mwingine yeyote, nitakuwa nimesimama pale mlangoni kwa Shabani, na watu watakuwa wananitazama. Najua ulivyolelewa, utataka kuja kwangu kwanza. Usije. Nipite. Nenda hadi alipo Fundi Shabani, umpe shikamoo yake. Mimi nitangoja zamu yangu.

Baba yako